Hatua Sita Kutoka Kileleni

Simu ilikuja saa kumi jioni nikiwa nimekaa mlangoni pa jiko napukuchua mahindi ya mbegu, na mjukuu wangu Fabiola yuko pembeni na daftari lake la hesabu magotini. Huyu mtoto yuko kidato cha nne, na akifanya hesabu anauma kalamu mpaka kifuniko kinaisha. Namba ilikuwa ngeni. Nikapokea. "Shikamoo mzee. Naongea na mzee Paskali wa Endagikot?" Nikasema marahaba, ndiye mimi, nani mwenzangu. "Mimi ni mtoto wa Gidaroda. Baba ametutoka. Tumeshamzika, tumemzika huku huku Morogoro. Alisema Paskali asikose kuambiwa." Nikamuuliza aliugua nini, akasema kifua. Nikamuuliza ng'ombe ni wazima, akasema wazima, maana kwa Wadatoga, wale watu wa ng'ombe, ukikosa la kusema unauliza ng'ombe. Halafu simu ikakatika, sijui ni salio lake au ni mtandao wetu. Nikabaki na gunzi mkononi.

Fabiola hakujua kitu. "Babu, sogeza mguu, unakanyaga rula." Nikamuuliza anafanya nini, nadhani nilitaka tu nisikie sauti ya mtu. Akasema wanauliza kama mstari huu unakata hili duara, au unaligusa tu, au unapita mbali. Alinisomea kwa Kiingereza, akanigeuzia kwa Kiswahili. Alikuwa amejaza ukurasa mzima: amechukua mstari akauingiza ndani ya duara, herufi juu ya herufi, mpaka mwisho akabaki na kitu anachokiita b mraba toa nne a c, na kikiwa chini ya sifuri basi havikutani. Nikamwambia iko njia fupi. Akacheka sana. "Babu na darasa lako la nne!" Nikamwambia pima kutoka kitovu cha duara mpaka kwenye mstari, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, halafu linganisha na nusu kipenyo. Njia ikiwa ndefu kuliko nusu kipenyo, mstari umepita nje. Zikilingana, umegusa mahali pamoja tu. Ikiwa fupi, mstari umeingia, na ukiingia lazima utoke, kwa hiyo umekata mahali pawili. Akafanya. Jibu likawa lile lile. Akanitazama kama ananiona leo. "Babu, hii nani alikufundisha?" Nikamwambia akafunge mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa tangu mchana.

Mwaka niliofundishwa hesabu hiyo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mke, sina mtoto bado. Habari za wazazi wangu na ukoo wangu nitaziacha, wao hawana kosa katika jambo hili. Nilikuwa nabeba vitunguu saumu kwa punda kutoka kwetu juu nateremka navyo mpaka minada ya Hanang, na huko ndiko nilikojifunza Kidatoga, lugha ya wafugaji wa kule, siyo kwa akili, ni kwa kutukanwa bei. Siku moja punda wangu alilala chini katikati ya mnada akakataa kuamka. Nikavuta, nikasukuma, watu wanacheka. Akaja kijana mrefu, shuka jekundu, fimbo begani, akasimama akatutazama wote wawili muda mrefu kama anayenunua. "Wewe Mmbulu," akasema, ndivyo wanavyotuita sisi watu wa juu, "mmechoka sawa sawa. Mmoja ampande mwenzake mfike nyumbani." Huyo ndiye Gidaroda. Alimshika punda sikio, akamwambia maneno, punda akaamka. Mpaka leo sijui alimwambia nini. Nilimpa vitunguu, akavinusa, akasema hivi tunawapa ndama wenye minyoo. Basi tukawa marafiki. Nikishuka nalala kwao upande wa Hirbadaw, katika ile nyumba yao ndefu ya udongo, dari chini mpaka uiname, moshi wa kufukizia vibuyu umeingia mpaka kwenye ngozi unazolalia. Mama yake ananiwekea maziwa kwenye kibuyu changu, kibuyu kilichokuwa changu kabisa. Dada yake Udagwenda anakamua huku anatutania: "Kaka kajipatia mke wa Kimbulu, ila ana ndevu."

Mwaka huo mvua ilikataa. Ng'ombe wa Gidaroda walikuwa wanatembea siku nzima kwenda kunywa na siku nzima kurudi, na ndama akianguka njiani hakuna wa kumbeba. Ndipo ukaja mradi wa maji. Tangi lilijengwa mgongoni mwa kilima, na chini kwenye tambarare birika la kunyweshea, na kati yake bomba lifukiwe kwenye mtaro ulionyooka. Wakatafuta mtu anayejua Kiswahili na Kidatoga, wa kutafsiri na kushika nguzo ya vipimo. Gidaroda akaniita. Nikaacha punda kwa mke wangu nikashuka.

Tulilala kwenye ghala la kijiji, kwenye harufu ya alizeti na mikojo ya panya. Tulikuwa watatu. Mimi, na mpimaji, ambaye tulimwita Mwalimu kwa sababu hakuweza kupita mahali bila kufundisha, na dereva Athumani, mtu wa pwani aliyeletwa kwetu kama adhabu. Wanawake wa pale walituletea ugali na maziwa ya mgando. Asubuhi uji wa maziwa, mchana ugali kwa maziwa, jioni tena. "Maziwa, maziwa, maziwa," Athumani analalamika. "Mwalimu, niangalie kichwani. Mimi naota pembe?" Mwalimu anajibu bila kuinua macho kwenye karatasi yake: "Pembe bado. Ila kuna siku ulilia kama ndama." Hivyo ndivyo walivyokuwa. Mimi nilizoea kula kimya, nilikuwa nasikiliza tu, na nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa naionea aibu. Jioni, jua likiwa bado lipo, Mwalimu anachana mfuko wa saruji, anaugeuza upande safi, ananichorea. Alinifundisha kwamba kila mahali duniani pana namba mbili: umekwenda mlalo kiasi gani, umekwenda wima kiasi gani. Pale unapoanzia ndipo sifuri. "Paskali, hata wewe ulipokaa una namba mbili," aliniambia. Nililala nikijihesabu. Nilimhesabu mke wangu kule Endagikot, mlalo wake na wima wake. Mtu asiyesoma akifundishwa kitu kama kile ni kama umemvalisha viatu kwa mara ya kwanza, anatembea anajitazama miguu.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Katika tambarare ile, ndani ya kichaka cha miiba kizito ambacho huwezi kuona mbele wala nyuma, kuna kaburi la baba yake Gidaroda. Siyo kaburi kama letu la msalaba na saruji. Wale wenzetu, mzee akiwa mzee kweli, wanamjengea kilima cha udongo, wanakipandisha kwa miezi, watu wanatoka mbali, pombe ya asali inachemka, ng'ombe wanachinjwa. Siyo kila mtu anapewa. Na kaburi lile lilikuwa na duara lake. Wakati wa msiba walizungushia boma la miti, hatua ishirini kutoka kileleni kila upande, na ndani ya lile duara hakuna kulima, hakuna kuchimba, hakuna kukata mti. Boma lenyewe lilishaliwa na mchwa, huwezi kuliona tena, ila duara lipo, kwa sababu watu wanajua lipo. Na mstari kutoka kwenye tangi kwenda kwenye birika ulikuwa unapita karibu. Karibu kiasi gani, hakuna aliyejua.

Wazee wakakaa. Baba mdogo wa Gidaroda, mzee mwenye sikio moja lililotanuka mpaka begani, akamwambia Mwalimu kupitia mimi: "Usikate hata mwiba mmoja kabla hujatuambia. Unaingia, au hauingii. Ukisema hauingii, chimba. Ukisema unaingia, beba vitu vyako." Mwalimu akauliza kama wangekubali mtaro upinde kidogo. Wenyewe wangekubali, ila mabomba ndiyo yasingekubali, yalikuwa ya mita mia tano na chache za akiba, ukipinda yanapelea.  Mzee mwingine akasema basi tuache, ng'ombe walikunywa mbali tangu zamani. Hapo Gidaroda akasimama. Kijana hasimami hivyo mbele ya wazee, ila alisimama. Akasema ng'ombe wake kumi na mmoja wameanguka. Akasema baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe na hapendi kulala akisikia ng'ombe wanalia kiu. Wapimwe, na apimaye aingie mtu mmoja tu, na mtu huyo awe Paskali. "Huyu Mmbulu ni macho yangu. Akisema ameona, mimi nimeona." Baba yake mdogo akamtazama. "Na asipoona?" Gidaroda akajibu, "Basi mimi ndiye kipofu." Mimi nilitafsiri hayo maneno kwa Mwalimu, kwa Kiswahili, kwa kinywa changu mwenyewe.

Yule baba mdogo akaenda asubuhi na pombe ya asali, akaimwaga kaburini, akaongea na marehemu. Alipotoka akaniambia: "Nimemweleza. Panda mpaka juu, simamisha mti wako kileleni, hana neno." Hili nataka lieleweke. Niliruhusiwa. Walikuwa wamenifungulia mlango.

Mwalimu akakaa na chombo chake cha miguu mitatu kule mbali, kwenye mstari wake wa kupimia aliouchora kutoka tangini kwenda mashariki, siyo ule wa bomba. Kutoka pale hakioni kilima, kilima kilishakaa chini kwa mvua za miaka na kichaka kimekifunika. Alichotakiwa kuona ni kitambaa chekundu kwenye ncha ya nguzo yangu ndefu. Gidaroda alisimama nusu ya njia, juu ya kichuguu cha mchwa, apokee ishara za mkono za Mwalimu aniitie kwa sauti: sogea, simama, imetosha. Mimi nikaingia peke yangu.

Ndani palikuwa baridi. Ndege hawakuwepo, au walikuwepo nikawa siwasikii. Nikafika miguuni mwa kilima. Udongo umekauka, umepasuka, na kwenye nyufa majani madogo meupe. Nikainua mguu nipande, mguu ukakataa. Kwetu, tangu unajua kutembea, mama anakupiga ukikanyaga kaburi. Ukikanyaga unamwamsha. Ukiwa na haraka unazunguka, ukiwa na mzigo unazunguka. Na huyu nilikuwa nakunywa maziwa nyumbani kwake, mke wake ananiita mwanangu. Nimkanyage tumbo na viatu vya mradi? Nikajaribu mara ya pili. Nikavua viatu. Nikajaribu mara ya tatu. Kwa mbali nasikia Gidaroda anaita, "Paskali! Anauliza kama tayari!" Nikarudi nyuma upande wa kusini, pale nilipotokea, mahali pa wazi, nikachomeka nguzo ardhini. Nikainyoosha. Nikaita, "Tayari!" Kutoka pale mpaka kileleni ni hatua sita. Niliona ni kitu kidogo. Hatua sita katika nchi kubwa namna ile.

Nilipotoka, Athumani alikuwa ameegemea gari. "Umetoka mzima? Mimi nilishaanza kugawa vitu vyako." Halafu akaongeza, "Umepanda kweli wewe, Mkristo, au umeogopa mzuka?" Wakacheka, na Mwalimu naye akatabasamu, akauliza, "Nguzo ilikuwa kitovuni, Paskali?" Nikasema ndiyo, kitovuni. Kama Athumani asingenitania huenda ningesema kweli. Huenda. Nisimsingizie, amekwishakufa naye.

Jioni ile Mwalimu alinipa hesabu niifanye mimi, mbele yake, kwenye mfuko wa saruji. Tangi ni sifuri. Birika liko mia nne kwenda mashariki na mia tatu kwenda kaskazini, kwa hiyo kila ukienda nne mlalo unapanda tatu wima, na mahali popote kwenye mstari ule, mara tatu ya mlalo ukiitoa mara nne ya wima hakibaki kitu. Penye nguzo yangu hubaki kitu, na kile kinachobaki ukikigawa kwa tano ndio umbali mfupi wa kwenda mstarini. Kwa nini tano, alinieleza, kwa pembetatu ya tatu, nne na tano, na nilielewa siku ile, na leo naelewa. Nguzo ilikuwa mia mbili mlalo, mia na ishirini wima. Mara tatu, mia sita. Mara nne, mia nne themanini. Inabaki mia na ishirini. Gawa kwa tano: ishirini na nne. Duara lina ishirini, na hatua ya mzee tulikuwa tumeipima ikatoka mita moja. Ishirini na nne ni kubwa kuliko ishirini. Mstari unapita nje, mita nne nzima. Mwalimu akanipiga begani. "Umeona? Bila kukata mwiba!" Mimi mwenyewe nilikwenda kuwaambia wazee. Nilisema kwa Kidatoga kizuri: hauingii. Gidaroda alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia anavyotoa pumzi.

Walichimba wiki nzima. Vijana wa pale na wa kijiji cha Getanuwas, wanaimba, wanatukanana, huyu anachimba kama anakuna mgongo wa mama mkwe, yule jembe lake ni bibi harusi, linaogopa udongo. Siku ya tano sauti zikapungua upande wa kichakani. Nikaenda. Kijana mmoja alikuwa ameshika kipande cha mti mweusi kilichooza, akaniambia, "Kuna visiki humu chini. Vimepangwa." Mbele yake kingine, na mbele kama mita kumi na moja vingine tena, na ukitazama vizuri unaona havijapangwa moja kwa moja, vimepinda. Mama yake Gidaroda alikuja na kibuyu cha maziwa ya wachimbaji, na vazi lake la ngozi, akasogea ukingoni kuona wanachokitazama. Ilikuwa miti ya lile boma, na aliichagua yeye na wanawake wenzake, mwaka wa msiba. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye udongo mpya, kibuyu kikamwagika.

Watu walipoondoka nilirudi kaburini. Sasa nilipanda. Nilipanda bila shida yoyote, miguu ikanipeleka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kutoka kileleni nikahesabu mpaka kwenye tundu la nguzo yangu: sita, kwenda kusini. Nikarudi ghalani nikakaa na kipande cha mfuko. Mia mbili, na siyo mia na ishirini, ni mia na ishirini na sita. Mara nne, mia tano na nne. Inabaki tisini na sita. Gawa kwa tano: kumi na tisa na sehemu mbili za kumi. Ishirini toa hiyo. Haifiki hata hatua moja, ila mstari umeingia. Mwalimu akaingia, amekunja uso, akaniuliza tena polepole, "Paskali, nguzo ilikuwa kitovuni?" Nikasema, kitovuni, Mwalimu. Akakifungua chombo chake, akaifuta lenzi, akakipima upya usiku na mchana, mwisho akasema, "Basi ni mimi." Akaondoka mwezi ule na hilo neno.

Mgeni hawakumfanya kitu. Wazee walisema mgeni hajui, na Mmbulu ni mdomo tu, anasema alichoambiwa. Wakamgeukia mwenye kaburi. Walisema Gidaroda ameuza mgongo wa baba yake kwa maji. Mtaro ukafukiwa, kondoo akachinjwa, pombe ikamwagwa, bomba likaja kuzungushwa baadaye kwa mabomba mengine. Nilikuwepo asubuhi Gidaroda alipomletea mama yake maziwa ya ng'ombe aliokuwa amewakamua mwenyewe. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Gidaroda akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Mama akakitazama kibuyu, akatazama pembeni, akaita, "Udagwenda, kuna maziwa leo?" Udagwenda akajibu kwa sauti ndogo, "Kaka ameshika, mama." Mama akauliza tena, "Udagwenda, kuna maziwa leo?" Gidaroda akakiweka kibuyu chini, miguuni pa mama yake.

Siku ya kuondoka alikuja ghalani kuniaga. Alikuwa anahamia kusini na ng'ombe waliobaki, kule Morogoro ambako watu wa kwao walishaanza kwenda. Nilimwekea ugali, akala, alikula wote, tukaongea habari za njia na mbung'o. Mimi nilikuwa nasema moyoni, akimaliza kula nitamwambia. Akamaliza. Nikasema akishanawa. Akanawa. Akashika fimbo yake akaniambia: "Usikae na huzuni. Wewe ulipima vizuri, ninajua. Ni zile hesabu za watu." Nikaitikia. Niliitikia "eeh." Hicho ndicho nilichomjibu rafiki yangu.

Miaka imekwenda. Zilipokuja simu za mkononi akanitafuta, akawa anapiga kila Krismasi, yeye asiye na Krismasi, kwa ajili yangu mimi. "Paskali! Punda mzima?" Punda alishakufa zamani, ila nasema mzima. Kila akipiga najiandaa, na kila akipiga kuna mtoto analia upande wa pili, au kuna mvua ya kuulizana, au nasema mwakani. Kurudi hakurudi hata mama yake alipokufa. Nilidhani nina muda. Mtu akiwa mbali unamwona hazeeki.

Siku mbili baada ya ile simu nilipanda basi la asubuhi, nikashukia barabarani, nikatembea mpaka kwao Gidaroda, Hirbadaw. Udagwenda yupo. Sasa ni bibi, jicho moja limeingia ukungu, anaishi pale pale, nyumba sasa ni ya bati. Alinijua kwa mwendo. "Mke wa Kimbulu," akasema, "hata ndevu zimekuwa nyeupe." Tukashikana mikono, tukalia kidogo, wazee hawalii sana. Akaniwekea maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Nikamwambia siwezi kuyanywa kabla sijasema, na nikasema. Nguzo, kusini, hatua sita, viatu nilivyovua, na kwamba Gidaroda alikuwa kwenye kichuguu nusu ya njia wala hakuona. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anafuta mdomo wa kibuyu kwa kidole, anafuta tena.

"Mstari uliingia kiasi gani?" akaniuliza.

"Haukufika hatua moja."

Akasimama kwa shida, akishika ukuta. Akainua mguu mmoja, akaupeleka mbele, akauweka chini kabla haujafika mwisho wa hatua. Akautazama mguu wake.

"Hivi?"

"Hivyo."

"Na ukamwacha aende."

 Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Akarudi akaketi. Kuku wakaingia wakatoka. Halafu akasema, bila hasira, kama anayenipangia kazi ya nyumbani: "Kuniambia mimi ni bure. Mimi sikumfukuza. Watoto wa baba mdogo wapo, hao ndio wanaosema mpaka leo kwamba kaka aliuza kaburi, na watoto wao wanasema, hawajui hata ni kaburi gani. Mtoto wa kaka akija hapa wanamwita mtoto wa maji. Hao watoto wa baba mdogo watarudi na ng'ombe jioni. Utakaa."

"Nitakaa."

"Utasema kwa Kidatoga. Usiseme kwa Kiswahili, wataona unaficha."

Nikakaa. Jua lilipoanza kuteremka vumbi likaonekana upande wa tambarare, halafu kengele, halafu ng'ombe wenyewe, wengi, wakipita moja kwa moja kwenye birika. Wanaume walikuwa saba, wawili wazee kama mimi. Wakanisalimia, wakaulizana kwa macho huyu ni nani. Udagwenda akawaambia wakae, kuna mtu ana neno, na wao wakakaa kwenye vigoda na kwenye mawe, fimbo kati ya magoti. Nilisimama. Nikashika ukuta pale aliposhika Udagwenda. Kidatoga changu kimeota kutu, nilikuwa nimekipanga njiani kikapotea chote, kikabaki kifupi tu, na hicho ndicho nilichowaambia: "Nguzo niliishika mimi. Gidaroda hakuiona. Sikuipeleka juu, nikasema nimeipeleka."

Mzee mmoja akasogeza kigoda mbele. Akasema, "Anza mwanzo."